.300 Winchester Magnum kwa masafa marefu: bunduki nzuri, duka la hovyo

Wenzetu walioko huku Colorado, Marekani, huniuliza sana wachukue bunduki ya kaliba gani, yaani ya risasi ya ukubwa gani, kwa kuwinda wanyama wakubwa milimani, kwa sababu wanajua mimi natumia .300 Winchester Magnum, risasi yenye baruti nyingi. Ungeniuliza kabla ya msimu uliopita ningekwambia chukua hiyo hiyo, usisite. Ungeniuliza baada ya msimu ningekwambia usiiguse. Leo nimetulia kidogo, ila sina hakika kama nitafika mwisho wa maandishi haya nikiwa bado nimetulia.

Kwanza mnyama mwenyewe. Huku tunawinda elki, aina ya kulungu mkubwa. Kwa aliyezoea wanyamapori wa kwetu Afrika, dume lake ni zito kuliko tandala lakini halimfikii pofu, kilo mia tatu na kitu, na mfupa wake wa bega si wa mchezo. Baba yangu mdogo alikuwa askari wa wanyamapori upande wa pori la Rungwa, Tanzania. Bunduki yao ya kazi ilikuwa .458, kaliba nene, na mbogo walimpiga kwa hatua thelathini, arobaini, vichakani. Habari za yadi mia nne (yadi haifiki mita moja) hazikuwepo. Walichotaka ni kimoja tu: akija, aanguke. Milimani huku unamwona elki ng'ambo ya bonde, kati yako na yeye hakuna hata kichaka cha kujifichia, na upepo ukigeuka kundi zima limeshavuka mlima. Ndipo watu wanapoanza kubishana kaliba.

Sheria ya Colorado haidai makubwa: kipenyo kisipungue inchi .24, na kwa elki kichwa cha risasi kisipungue uzito wa greini 85, kama gramu tano na nusu. Kisheria, basi, unaweza kwenda na kabunduki kepesi kabisa. Lakini asubuhi ya kwenda kumtafuta mnyama aliyejeruhiwa, sheria haiji na wewe.

Sasa duka. Jina silitaji. Nilikwenda na shemeji yangu, ambaye anatumia 6.5 Creedmoor, kaliba nyepesi zaidi, na anaipenda. Muuzaji alipoisikia hiyo 6.5 akacheka, akasema hiyo ni ya kutobolea makaratasi. Akatutolea .300 ikiwa imeshafungwa darubini, tayari kabisa, na akaapa kwamba hiyo ni ya yadi 1,000 bila wasiwasi. Nikamuuliza, na upepo je? Akanionyesha kile kizungusho cha juu ya darubini: unazungusha tu, unapiga. Nilimuuliza pia nani amefunga darubini. Akasema fundi wao, na kwamba hiyo kazi imo ndani ya bei. Kumbukeni hilo.

Nikaipeleka uwanja wa shabaha kama inavyotakiwa. Yadi 100, mashimo yote yanafunikwa na kifuniko cha soda. Nikasogea 300, ikawa vizuri. Bega liliuma, hilo nalikiri kwa yeyote anayefikiria magnum: si bunduki ya kupiga boksi zima mchana mmoja ukaenda nyumbani unatabasamu. Lakini ilipiga pale nilipotaka. Nikaridhika, tukapanda milima ya Flat Tops, juu ya mji wa Meeker, mwezi wa kumi.

Dume lilisimama ubavu wazi jioni, kipima umbali kikasema 370. Hakuna upepo. Nimelala kifudifudi, bunduki juu ya begi, pumzi imetulia, nikavuta triga taratibu. Nikasikia risasi ikigonga nyama, ule mlio mzito unaochelewa kidogo. Shemeji alikuwa kwenye darubini yake ya mkononi.

"Shem, imekwenda nyuma! Tumboni!"

Nyuma, wakati nilimlenga nyuma tu ya bega. Nani anakosea namna hiyo kwa yadi 370 akiwa amelala? Tulifuata damu mpaka giza likatuzuia, usiku kucha sikulala, na asubuhi tukamkuta chini ya miti ya aspen, amekufa, tumbo limevimba. Anayejua nyama anajua maana yake. Tulichookoa ni mabega, shingo na kidogo cha mgongo. Mapaja yote mawili yalikuwa yananuka. Mnyama yule aliteseka usiku mzima, na mimi sikufundishwa kuwinda hivyo.

Kambini nikaishika ile darubini. Ikacheza. Yaani darubini ya bunduki, mkononi, inacheza. Tulipoitazama kwa karibu tukaona kwenye bomba lake mstari unaong'aa, milimita tatu au nne, pale rangi nyeusi ilipokwanguliwa: kila risasi ilipolia, bunduki ilirudi nyuma na darubini ikateleza mbele ndani ya pete zake. Skrubu za mbele, za kile chuma kinachoishika darubini kwenye bunduki, nilizifungua kwa vidole. Sikuhitaji bisibisi!

Hii ndiyo tabia ya magnum ambayo kwenye matangazo hutaikuta. Ule mshtuko unaokuumiza bega ndio huo huo unaofungua skrubu. Bunduki laini inaweza kuvumilia fundi mzembe kwa miaka; .300 itamwumbua baada ya boksi mbili tatu, na itamwumbulia mlimani, mbele ya mnyama.

Nikarudi dukani, mpole kabisa, na picha za ule mkwaruzo. Yule yule muuzaji hakuishika hata bunduki. Alinitazama juu mpaka chini akasema, "Labda unaogopa bega. Watu wengi wa kwenu hawajazoea magnum."

Watu wa kwenu. Ananiambia mimi, ambaye baba yangu mdogo alibeba .458 kabla muuzaji huyo hajajua kufunga viatu! Shemeji akanishika mkono, akaniambia kwa Kiswahili, "Shem, twende. Huyu usimjibu." Nilikwenda. Mpaka leo najuta sikumjibu, kisha nafikiri shemeji alikuwa na haki, kisha najuta tena.

Fundi aliyenisaidia ni mzee mmoja anayefanyia kazi kwenye gereji ya nyumba yake, kaskazini kuelekea Fort Collins. Alifungua kila kitu, akanionyesha skrubu zikiwa bado na mafuta ya kiwandani, hazijafutwa, hazina hata tone la gundi. Akazisafisha, akaweka gundi ya skrubu, akakaza kwa bisibisi yenye kipimo, skrubu moja baada ya nyingine kwa zamu, huku akiwa kimya. Pesa aliyonitoza ni kidogo hata naona aibu kuitaja. Tangu siku hiyo bunduki haijasogea.

Kwa hiyo kaliba gani? Nilipokuwa na hasira niliwaambia watu wachukue 6.5 Creedmoor kama ya shemeji, na nilikuwa na sababu. Mwaka huo huo alimwangusha elki jike kwa kama yadi 200, akaenda hatua chache akalala. Inapiga taratibu, bega halilii, unafanya mazoezi mengi na hutishiki na triga. Wapenzi wake hupenda kumtaja Bell wa Karamoja, yule Mskoti aliyeua tembo zaidi ya elfu moja, wengi wao kwa kaliba ndogo ya milimita 7. Ni kweli. Lakini Bell alimsogelea tembo mpaka karibu na alijua ubongo umekaa wapi. Ushahidi wa Bell ni wa karibu, si wa ng'ambo ya bonde.

Na hesabu haina huruma. Wawindaji wa huku wana kanuni yao ya zamani: elki afikiwe na nguvu isiyopungua futi-pauni 1,500, kipimo chao cha nguvu ya risasi. Creedmoor ya greini 143 inaanguka chini ya hapo ukikaribia yadi 400. .300 yenye kichwa cha greini 200 ikifika yadi 500 bado ina karibu 2,000. Ukikutana na dume limegeuka kidogo na risasi inabidi ipite kwenye mfupa, tofauti hiyo utaiona. Kwa hiyo narudi kwenye .300? Kwa yadi 400, ndiyo. Ukiniuliza katikati ya hizo mbili, 7mm Remington Magnum haina aibu yoyote, na .30-06 ya tangu 1906 bado inaua elki kila msimu mikononi mwa watu wasiojua hata kwamba kuna mjadala. Kama bega lako halipendi magnum na huvuki yadi 300, chukua .30-06 uachane na sisi.

Lakini lile neno la yadi 1,000 siliachi lipite. Upepo wa kilomita 16 kwa saa ukipita ubavuni, kwa yadi 500 tu, unaisukuma risasi ya kaliba hizi karibu nusu mita. Sehemu ya kifua inayoua mara moja haizidi sana sentimita 35. Kwa yadi 1,000 risasi inakaa angani zaidi ya sekunde nzima, na elki anaweza kupiga hatua moja ya kula majani, ukampiga tumboni hata kama ulilenga kama malaika. Chuma cha shabaha hakipigi hatua. Muuzaji anayemwambia mtu mgeni kwamba hiyo ni kazi ya kuzungusha kizungusho anauza mateso ya wanyama, na sijali nikisikika mkali.

Nilisema nitaiuza bunduki hii. Siiuzi. Nimeshapiga nayo tena, ni sahihi, ni imara, na siku ya baridi kali juu ya futi elfu kumi ndiyo ninayotaka mkononi. Bunduki naipa alama zote. Hapana, naondoa moja kwa ajili ya bega. Duka silipi hata alama moja. Na yeyote anayenunua bunduki iliyokwisha fungwa darubini, popote pale, aipeleke kwa fundi wa nje ifunguliwe na kufungwa upya kabla hajanunua risasi ya kwanza.

Juzi duka limenipigia simu, baada ya shemeji kuwaandikia barua, wakasema watanirudishia gharama ya kufunga darubini. Ile ile waliyosema imo ndani ya bei! Nimewaambia pesa sitaki. Ninachotaka ni yule muuzaji anitazame usoni, ule mkwaruzo ukiwa mezani mbele yake, aniambie tena kwamba tatizo ni bega langu.