Santuri au kaseti: kumtunza Mbaraka Mwinshehe Lamu

Mbaraka, mwanamuziki na mpiga gitaa wa Tanzania, alifariki kwa ajali ya gari Mombasa, Januari 1979, akiwa na miaka 34 tu. Hatapiga gitaa tena. Mwenye nakala ya zamani ya nyimbo zake ameshika amana.

Kwa hewa yetu ya chumvi, santuri ndiyo ya kutegemea. Huharibiwa na joto, mchanga na sindano iliyochakaa. Ukizilaza kwa rundo au kuziacha juani hupinda, kwa hiyo zisimamishe wima. Ikiota ukungu, ioshe kwa maji yasiyo na chumvi na tone moja la sabuni, kitambaa laini kifuate mzunguko wa mifereji, na karatasi ya katikati isilowe. Maji ya kisima hayafai kabisa: yakikauka huacha chumvi ndani ya mifereji, na sauti hukwaruza.

Kaseti ni dhaifu zaidi. Unga wa sumaku umeshikwa kwenye utepe kwa gundi, na unyevu huilegeza. Unga ukigandia kwenye hedi, yaani kichwa cha mashine kinachosoma utepe, sauti hufifia. Hedi hiyo ipanguse kwa spiriti na pamba. Kisifongo kinachobana utepe nacho hubanduka. Za dakika 90 zina utepe mwembamba kuliko za 60, hivyo hukwama upesi.

Ukiwa nazo zote mbili, nakili kaseti kwanza kwenye kompyuta, kabla ya masika. Wala usizipange kwenye kidaka, yaani kile kishubaka cha ukutani, kwani ukuta wa matumbawe huvuta unyevu.