Mota ya cherehani ya 85,000, kwa fundi wa mkono mmoja na nusu

Mie nashona Wete, Pemba, sare za skuli na magauni. Mwaka jana mwezi wa Rajabu niliamka kutawadha alfajiri, mguu wa kushoto ukakataa. Majirani wakasema upepo mbaya. Daktari akasema presha: mshipa umeziba upande wa kulia wa ubongo, ndo maana kushoto kumelala. Nikabana mpira na kupanda ngazi miezi minane. Mguu ulirudi kiasi, lakini cherehani ya kukanyaga sikuiweza. Pindo moja tu, natetemeka.

Mwanangu akaninunulia mota Unguja. Inafungwa nyuma ya cherehani, mkanda wa mpira unazungusha gurudumu, pedeli naikanyaga kwa mguu wa kulia, ule mzima. Singer nyeusi ya marehemu mama imeikubali bila taabu, na mota yenyewe sina neno nayo.

Pedeli ndiyo balaa. Haina katikati: imelala, au inakimbia kama mwizi. Siku ya pili sindano ilinipita kidole cha kushoto na sikusikia kitu, niliona damu tu kwenye shati jeupe la mtoto wa watu. Dukani wakasema mali ikishauzwa hairudi. Fundi wa hapa akanibadilishia kwa 20,000 nyingine, na sasa inakwenda pole pole ninavyotaka.

Mkono wa kushoto mota haiusaidii. Nauweka juu ya kitambaa kama jiwe, ule wa kulia ndio unaosukuma. Uzi mjukuu hunitungia kabla hajaenda skuli. Ukikatika saa nne, nakaa namngoja. Kofia za viua, zile za kudarizi kwa mkono, nimeziacha, zinataka mikono miwili na subira, na mie nimebakiwa na subira tu.

Umeme wetu unatoka Tanga kwa waya wa chini ya bahari. Ukikatika, mota ni pambo. Ule mkanda wa ngozi wa zamani nimeutundika msumarini, siutupi.

Zamani nilitoa mashati sita kwa siku, sasa mawili, na nikishasali adhuhuri lazima nilale. Uchovu wa maradhi haya si ule wa kazi. Bei sijapunguza.

Ukinunua, nenda mwenyewe ukaikanyage pale pale kabla hujatoa pesa. Mie nilimtuma kijana mwenye miguu yake miwili.