Vitufe 25, 49, 61 au 88? Namna ya kuchagua kinanda cha MIDI ukiwa Mbeya

"Kaka, ninunue kinanda cha MIDI chenye vitufe vingapi?" Yaani kinanda kinachotuma noti unazopiga kwenye programu ya muziki ya laptopu. Wanaoniuliza hivyo hapa Mwanjelwa ni wa aina mbili: wapiga kinanda wa kwaya wanaotaka kuanza kurekodi nyumbani, na watengeneza biti waliochoka kugonga kibodi ya laptopu. Wote nawapa kazi kwanza. Fungua nyimbo zako tatu kwenye programu hiyo, uone noti ya chini kabisa na ya juu kabisa unazozihitaji mikono yote miwili ikiwa kazini. Jibu liko humo kabla hujafika dukani.

Halafu kuna njia isiyokutoa hata shilingi. Kama kwaya yenu ina Yamaha ya PSR, muombe mwalimu wa kwaya ruhusa, ukigeuze kinanda nyuma utafute tundu la USB la mraba. Likiwepo, waya uleule wa printa unakiunganisha na laptopu, nacho kinakuwa kinanda cha MIDI. Shusha sauti yake tu, la sivyo kila noti utaisikia mara mbili: moja ya kinanda, moja ya programu.

Ukiwa wa kununua, mimi naanza na 61. Ni oktava tano, yaani do hadi do mara tano: kushoto unatembeza besi, kulia unashika kodi (noti kadhaa kwa pamoja), na sebene ikichanganya bado una pa kupandia. Tena mpiga kinanda utakayemwalika kutoka kanisani mara nyingi amezoea ukubwa huo; mpe kinanda kidogo uone atakavyohangaika kutafuta do iko wapi. Ubaya wake ni urefu, karibu mita moja. Laptopu itahamia pembeni ya meza, na kwenye bodaboda ni mtihani. Usidhani pia kwamba vitufe 61 vinafika kila mahali. MIDI huzipa noti namba, na namba ndogo ni noti ya chini. Kwa kawaida vinaanzia noti ya 36 hadi ya 96, wakati waya mnene wa gitaa la besi la nyuzi nne uko kwenye noti ya 28. Kitufe cha kushusha oktava utakibonyeza tu.

49 ni cha pili, na kwa mtengeneza biti anayejaza wimbo kipande kwa kipande, besi kwanza, kodi baadaye, kinaweza kuwa cha kwanza. Kinaishia noti ya 84, yaani ulichopoteza ni oktava moja ya juu.

25 ni cha safari. Vile vidogo kama MPK Mini ya Akai vinaingia begini pamoja na laptopu, vina pedi za kugongea ngoma, na vinakula umeme wa USB. Mkiwa Tukuyu mnarekodi kwaya na umeme ukakatika, mnaendelea hadi betri ya laptopu iishe. Ila vitufe vyake ni vyembamba, na mikono miwili haienei. Cha 37 kinanunuliwa na asiyeweza kuamua.

88 nakiweka mwisho, nikijua waliosomea piano watanuna. Wao kinawafaa, hasa chenye vitufe vizito, na vilevile anayetumia sauti za okestra ambamo noti za chini kabisa hubadilisha fidla kutoka kupigwa kwa upinde kwenda kudonolewa kwa kidole. Kwa wengine ni mzigo. Changu cha kwanza kilikuwa 88. Kilisafiri zaidi ya kilomita 800 kwenye buti la basi kutoka Dar, na mwaka mzima oktava yake ya juu niliigusa nikifuta vumbi.

Ukishanunua, iambie programu ukweli. MuseScore, wanayoitumia baadhi ya walimu wa kwaya kuandikia nota, inakuruhusu kuchagua kinanda cha kwenye skrini kiwe na vitufe 25, 37, 49, 61, 76, 88 au noti zote 128 za MIDI. MainStage, programu ya Apple ya kupigia jukwaani, nayo ina sehemu ya kuweka idadi ya vitufe na noti ya chini kabisa. Sauti haibadiliki kwa mpangilio huo, lakini ukiandika 88 ilhali mkononi una 49, unaweza kugawa besi na kodi mahali ambapo vidole havifiki. Utalaumu kinanda bure.

Dukani nenda na laptopu yako. Gusa kila kitufe polepole, kisha kwa nguvu, ukiangalia kwenye programu kama namba ya nguvu ya noti inapanda na kushuka. Kinanda chenye kitufe kinachotoa 127, namba ya juu kabisa, kila unapokigusa, kirudishe hapohapo kabla hujalipa. Na kanga ya kukifunikia uwe nayo nyumbani, maana vumbi la kiangazi cha Mbeya halisubiri.