Bia Isiyo na Gluteni: Nilizoonja, Nilizoziacha na Niliyobaki Nayo

Mtu anayeambiwa na daktari kwamba ana ugonjwa wa siliaki, ambao utumbo hudhuriwa na gluteni (protini iliyomo katika ngano na shayiri), huanza kwa kuagana na mkate, na siku chache baadaye hukumbuka kwamba kimea cha shayiri nacho kina gluteni, kwa hiyo bia nayo imekwenda. Mimi nilikaa bila bia karibu mwaka mzima, kisha nikaanza kuonja zile zinazouzwa kwa maneno "bila gluteni", na kwa miaka mitatu sasa nimeandika katika daftari habari za kila chupa niliyoifungua: rangi yake, harufu yake, povu lilidumu kwa muda gani, na iwapo nilitamani ya pili. Ninayoyaeleza hapa yametoka katika daftari hilo. Swali ninaloulizwa mara nyingi ni ipi iliyo bora kuliko zote, na kwa maoni yangu swali hilo limekaa vibaya, kwa kuwa la kwanza kuuliza ni ipi ambayo mwili wako unaikubali, na la pili ni bia gani uliyokuwa ukiipenda zamani.

Bia hizi ziko makundi mawili, na anayeyachanganya anaweza kujidhuru. Kundi la kwanza hupikwa kwa shayiri kama bia nyingine yoyote, kisha wakati wa kuchachuka hutiwa kimeng'enya kinachokatakata protini za gluteni ziwe vipande vidogo vidogo. Kimeng'enya hicho awali kilitumika kuzuia bia isipoteze uangavu wake inapopozwa, na kupungua kwa gluteni kukaonekana kuwa faida ya ziada. Daura ya kampuni ya Damm ya Barcelona, iliyoingia sokoni mwaka 2006, na Omission ya Marekani, iliyokuja mwaka 2012, ni za kundi hili. Kundi la pili halina shayiri tangu mwanzo: hupikwa kwa mtama, uwele, mchele, mahindi au bakwiti, mbegu ambayo haina undugu wowote na ngano.

Kiwango kinachofuatwa katika nchi nyingi ni kimoja, yaani gluteni isiyozidi miligramu 20 kwa kilo, lakini sheria hazikubaliani kuhusu kundi la kwanza. Umoja wa Ulaya huruhusu bia ya shayiri iliyopimwa na kukutwa haizidi kiwango hicho iandikwe kuwa haina gluteni. Marekani, kwa kanuni iliyotolewa mwaka 2020, hukataa, kwa hoja kwamba protini ikishakatwakatwa katika uchachushaji hakuna kipimo cha kuaminika cha kuonyesha ni gluteni kiasi gani iliyokuwamo. Bia ya namna hiyo inaweza tu kueleza kwamba imetengenezwa kwa njia ya kuondoa gluteni. Chupa ile ile, basi, hubadilishiwa maneno ikivuka mpaka.

Tofauti hiyo niliijua kwa tumbo. Nilinunua bia moja, ambayo sitaitaja, kwa sababu neno "gluteni" lilikuwa mbele kwa herufi kubwa, na neno "kupunguzwa" lilikuwa chini yake kwa herufi nilizokuja kuzisoma jioni nikiwa nimejikunja kitandani. Siwezi kuapa kwamba ilikuwa bia na si chakula cha siku ile, lakini tangu hapo huigeuza chupa na kusoma viambato kabla ya kusoma jina, na nikiona shayiri naiwachia wengine. Anayepunguza gluteni kwa hiari yake tu, bila siliaki, ana bahati kunishinda, kwa kuwa kundi la kwanza ndilo linalofanana zaidi na bia tuliyoizoea. Rafiki yangu asiye na tatizo lolote aliletewa glasi mbili, ya kawaida na ya kimeng'enya, akazinusa, akaonja kila moja mara tatu, akachagua kwa kujiamini, na akakosea.

Katika kundi la pili kazi ni ngumu zaidi, na sababu yake iko kwenye sufuria. Wanga wa shayiri hulainika katika joto ambalo vimeng'enya vya kimea bado viko hai, hivyo huugeuza kuwa sukari bila taabu. Wanga wa mtama huhitaji joto kali zaidi, na kufikia hapo vimeng'enya hivyo vimekwisha kuungua. Tena kimea cha mtama hakina vingi vya kuanzia. Watengenezaji wengi wa mwanzo walikwepa shida hiyo kwa kutumia shira ya mtama iliyo tayari, ambayo hutoa kileo bila matatizo lakini huleta protini chache, na protini ndiyo inayoshika povu na kuipa bia uzito mdomoni. Ndiyo maana katika kurasa za mwanzo za daftari langu maneno yanajirudia: nyepesi, povu limekufa kabla sijaketi, uchachu pembeni mwa ulimi, kitu kama sarafu mwishoni. Wako wanaoipenda ladha hiyo, na baridi kali huificha sana. Redbridge ya Anheuser-Busch na New Grist ya Lakefront, zote za mwaka 2006, ni za ukoo huu wa mtama, na aliyekuwa mnywaji wa laga nyepesi siku ya jua hatapata shida kubwa kuzizoea. Mimi sikuwa mnywaji wa laga nyepesi.

Kilichonirudisha ni uwele na bakwiti. Kiwanda cha Glutenberg cha Montreal, kilichoanza kuuza mwaka 2011, hupika kwa nafaka za namna hiyo, na mwaka 2012 kilichukua dhahabu, fedha na shaba zote za bia zisizo na gluteni katika mashindano ya World Beer Cup. Nilipomimina ile nyekundu yao kwa mara ya kwanza, povu lilipanda kama vidole viwili, likashuka taratibu, likaacha utando kwenye ukuta wa glasi hadi nilipofika nusu. Nilikuwa sijauona utando huo tangu nilipoacha shayiri. Harufu ilikuwa ya ganda la mkate uliookwa sana, pamoja na njugu zilizokaangwa, na uchungu wa hopsi, maua yanayoipa bia uchungu na harufu, ulikuja mwishoni bila kugombana na utamu. Si kwamba inadanganya ulimi. Bakwiti ina ladha yake, kavu kidogo na yenye kuelekea udongo, na anayetafuta nakala kamili ya shayiri ataiona dosari. Mimi niliiona kuwa bia.

Kwa waliopenda bia nyeusi habari ni njema zaidi kuliko wanavyodhani, kwa sababu nafaka ikishakaangwa hadi iwe nyeusi, kahawa na chokoleti hutawala na asili ya nafaka husahaulika. Ground Breaker ya Portland ilikwenda mbali zaidi ikapika kwa chestnati, aina ya kokwa za mti, na dengu zilizokaangwa, wazo ambalo nililicheka kabla ya kuonja. Kwa waliopenda bia chungu yenye hopsi nyingi, shauri langu ni moja: tazama tarehe. Harufu ya hopsi hufifia kwa miezi, na bia hizi hukaa rafuni muda mrefu kwa kuwa wanunuzi ni wachache. Nyingi nilizoziandikia "haina ladha" zilikuwa zimezeeka tu.

Katika kuonja, usiimimine ikiwa baridi ya kuumiza meno isipokuwa unataka kuficha kitu. Itoe kwenye jokofu dakika kumi kabla, tumia glasi iliyosuuzwa vizuri, kwa sababu mabaki ya mafuta na sabuni huua povu ambalo tayari ni dhaifu, na usiihukumu kwa funda la kwanza, ambalo ulimi hulitumia kulalamikia kilichokosekana. Ukiwa na siliaki, omba chupa au kopo lifunguliwe mbele yako. Bomba lililokuwa likimimina shayiri jana haliaminiki leo.

Niliyobaki nayo ni ile nyekundu ya Glutenberg, na bia nyeusi kwa usiku wa baridi. Nisichokipata hadi leo ni mbadala wa bia ya ngano, ile ya ukungu mweupe yenye harufu ya ndizi mbivu na karafuu. Harufu hiyo hutoka kwa hamira, hivyo inawezekana, lakini ulaini wake hutoka kwenye ngano yenyewe. Nimejaribu nne za aina hiyo. Tatu zilinukia vizuri na kupita mdomoni kama maji, na ya nne nimeinunua tena ili nione kama ilikuwa kweli au ilikuwa hamu.