Kibanda cha PS Kirumba: Madden ipo, ila R2 ya pedi nyeusi imekufa

Wiki ya tatu sasa nashinda pale kila jioni nikitoka kazini basi wacha niwape mrejesho. Ni kibanda cha mabati karibu na uwanja wa CCM Kirumba, jina nalihifadhi, TV nne, feni moja, saa nzima buku. Watu wote wanagombania mpira wetu huu wa miguu, foleni ndefu, mimi nikasukumiwa TV ya pembeni yenye Madden, ule mpira wa Wamarekani wa kuvaa helmeti, nikanasa mpaka leo.

Mwanzoni kwotabeki wangu, yule mrushaji anayeanzisha mchezo, akishika mpira narusha tu, wanaudaka wao, narusha tena, wanaudaka wao. Dogo anayesimamia anakula zake muwa akasema bro mbona unarusha kama unatupa nyavu ya dagaa, angalia migongo! Yaani mabeki wakikupa mgongo wote, kila mmoja anafukuzana na mtu wake, ujue katikati peupe, kimbia. Ila wakiwa wamekaa maeneo yao wanakukodolea macho tulia utafute pasi, ukichomoka tu wanakufunika. Halafu piga hesabu, una majaribio manne ya kupata yadi 10, ikibaki mbili tatu miguu inalipa, ikibaki 12 ukakimbia sita utachekelea bure na mpira unawapa wao. Na uamue mapema maana ukishavuka ule mstari wa kuanzia huruhusiwi tena kurusha mbele. Yadi zako ukizipata teleza chini miguu mbele, hapo hawaruhusiwi kukugonga, usijifanye mbabe ukang'olewa mpira na mtu wa kilo 120.

Nikadhani ni mambo ya gemu tu, akanitolea simu akanionesha Super Bowl, fainali ya ligi yao, ya Februari 2024, timu za Chiefs na 49ers, ile iliyoanza saa nane na nusu usiku kwetu ikaisha watu wanaenda kazini. Muda wa nyongeza, Chiefs wako nyuma pointi 3, jaribio la nne, imebaki yadi moja, wakikosa kombe limeenda. Mahomes, kwotabeki wa Chiefs, mtu anayeogopwa kwa mkono wake, akaubana mpira akakimbia mwenyewe yadi 8. Baadaye kidogo akakimbia 19, ndo akarusha ya ushindi, 25 kwa 22. Siku hiyo kwenye timu yake hakuna aliyekimbia yadi nyingi kumzidi, 66, hata yule ambaye kazi yake ni kukimbia.

Sasa kero. Kukimbia ni R2, kile kitufe cha mbele kulia kwenye pedi, na R2 ya pedi nyeusi inakwama. Juzi nina yadi mbili tu, sekunde zinaisha, migongo yote naiona, peupe kabisa, nabonyeza, jamaa anatembea kama anatoka msibani! Akalaliwa pale pale. Namwambia mwenye kibanda ananijibu pedi nzima ila kidole chako kizito, we mzee vipi? Umeme nao ukikatika dakika zako harudishi, umeliwa.

Dogo nampa tano kwa tano, pedi moja, na hiyo moja ni ya huruma. Mkienda wahini kabla ya saa kumi na moja mshike ile nyeupe, na muwa mje nao wenyewe maana wa dogo haombwi.