Ubao wa kadi: miezi minne ya kuutumia hospitali

Mimi ni nesi katika hospitali moja ya wilaya hapa Pemba, na ndiye mratibu wa wanafunzi na wa utafiti. Ubao huu mweupe wa sumaku niliununua Chake Chake, pamoja na kadi za rangi tatu.

Kwetu tunatibu, tunafundisha wanafunzi wa udaktari na uuguzi, na tuna utafiti wa kichocho. Kila kazi ilikuwa na daftari lake na mwenyewe, na ugomvi hauishi. Sasa zote ziko ukutani kwa mtindo wa kanban, ule wa viwanda vya Toyota: zinazosubiri, zinazofanywa, zilizokwisha. Kijani ni tiba, njano mafunzo, buluu utafiti. Kila kadi ina tarehe na mtu mmoja wa kuulizwa. Jina la mgonjwa haliandikwi, maana ubao unasomwa na kila apitaye.

Wiki ya kwanza tu kadi tatu zilikutana saa 4 asubuhi. Mayai ya kichocho cha mkojo hutoka kwa wingi baina ya saa 4 na saa 8 mchana, kwa hivyo watoto wa skuli huletwa wakati huo. Saa hiyohiyo wanafunzi wana somo, na wagonjwa wamejaa maabara. Darubini nzima ni moja! Tukasogeza vipimo vya wagonjwa saa 2, na somo tukalihamishia maabara. Wanafunzi wanachuja mililita 10 za mkojo wenyewe na kuhesabu mayai.

Juzi mmoja akaniita, "Sista, njoo uuone mwiba wake!" Nikainama: yai limechongoka, mwiba uko nchani kama ulivyo kitabuni. Mtoto mwenye mkojo ule alikuwa bado kwenye benchi nje. Akapimwa uzito, akapewa praziquantel, dawa ya kichocho, palepale. Zamani jibu lile lingelala kwenye daftari la utafiti wiki nzima, na mama yake hajui. Kwa hili peke yake ningeununua tena.

Kasoro: sumaku zake dhaifu. Kusi ikivuma dirishani, kadi ziko sakafuni. Nunueni nyengine nzito. Na lazima watu wote wakutane mbele yake dakika 10 kila asubuhi. Siku daktari asipokuja, kadi za kijani hazisogei.

Nyota 4 kati ya 5. Chukueni ule mkubwa, mdogo hautoshi rangi tatu.