Gadi ya difu kwa Land Cruiser na Defender: ipi ununue, ipi uiache dukani

Nianze na jibu maana najua wengi mnalitafuta hilo kwanza. Gadi ni bamba la kukinga difu, lile bonge la gia katikati ya ekseli, lisigongwe na mawe. Kwa gari yenye ekseli nzima, yaani ekseli moja toka tairi la kushoto mpaka la kulia, kama Land Cruiser 78 na 79 au Defender za zamani, gadi ninayoipa maksi za juu ni ya bamba la chuma la milimita 6, iliyokunjwa vizuri, inayofungwa kwa bolti na yenye tundu la kumwagia oili. Siyo ile nene kuliko zote wala ile ya bei mbaya kuliko zote. Watu wakifika dukani wanauliza unene tu, ila kinachoamua kama difu itapona ni umbo la gadi na namna ilivyofungwa, hapo ndo pa kukazia macho.

Gari yangu ni 79 ya injini ya 1HZ, inapeleka mizigo kambini upande wa Ziwa Natron. Anayeijua ile njia ya Mto wa Mbu kupita Engaruka mpaka Engare Sero hahitaji maelezo, mawe ya volkano yenye kona kali, makorongo makavu ambayo kila mvua inayachora upya, halafu kuna zile sehemu matairi yamechimba pande mbili na katikati limebaki tuta, sasa difu ndo kitu kinachoning'inia chini kuliko vyote kwa hiyo lile tuta mnakutana nalo uso kwa uso. Masika nyasi zikishaota juu ya tuta huoni jiwe, huoni kisiki, huoni kichuguu, unasikia tu GONG chini ya miguu.

Wenye Defender nyie ndo mnaihitaji zaidi, na hasa difu ya mbele. Piniani yake, ile gia ndogo inayopokea mzunguko toka kwenye propela, inaangalia nyuma, kwa hiyo tumbo la difu limeangalia mbele, na lile tumbo ni bati lililopigwa umbo likachomelewa, sio chuma nene. Jiwe likilibonyeza kwenda ndani linagusana na krauni, ile gia kubwa ya duara inayozunguka ndani, krauni inasaga bati mpaka litoboke, oili inatoka, na ukivuka mto maji yanaingia. Ukifungua nati ya chini ukakuta oili imekuwa kama chai ya maziwa basi beringi zimeshaanza kuondoka na mfuko wako ujiandae. Na kama gari ni ya siku nyingi lile bati kutu imeshalila kwa nje, pitisha brashi ya waya kwanza uone hali yake kabla hujaweka gadi juu.

Land Cruiser nyumba ya difu ni ngumu zaidi, kinachoumia sana ni nati ya kumwagia oili, inakaa chini kabisa, mawe yanasaga kichwa chake mpaka spana haing'ati tena. Siku ya kubadili oili fundi anaanza kuchomelea nati nyingine juu yake ili aifungue, kazi ya robo saa inakula nusu siku.

Halafu kuna huu ushauri unaozunguka kila gereji, kwamba nyanyua gari kwa springi ndefu utaacha kugonga difu. Kwenye ekseli nzima haiko hivyo jamani! Springi inainua bodi na chesisi, difu iko kwenye ekseli na ekseli imekaa kwenye matairi, difu inabaki palepale. Kinachoinua difu ni tairi tu. Ukitoka tairi la saizi 265/70R16 ukaenda 235/85R16 kipenyo kinaongezeka kama milimita 28, nusu yake ndo unayoipata chini ya difu, yaani milimita 14 hivi. Ni kidogo lakini ni kweli, na ukumbuke hiyo namba maana gadi nayo itaikata.

Sasa gadi zenyewe. Nimepata kuzitumia au kuziona kwa karibu za aina tatu.

Ya kwanza ni ile inayokuja tayari kutoka nje, bakuli zima linafunika difu mbele na chini. Kwa macho inavutia, rangi imepigwa safi, inakaa kwenye ekseli bila kulazimisha, na kwa nchi ya mawe matupu inafanya kazi yake vizuri, hilo siwezi kuikatalia. Shida yake ni udongo wetu mweusi. Matope ya Ndutu au ya mbuga yoyote wakati wa mvua yanaingia kati ya bakuli na difu, yanakauka humo, na huyatoi kwa maji ya bomba. Nilishuhudia moja ikifunguliwa, fundi anachokonoa kwa bisibisi, juu udongo mkavu kabisa, ndani bado una unyevu, na chini ya huo udongo kulikuwa na oili, sili ya piniani, yaani ile raba ya kuzuia oili, ilikuwa inavuja muda mrefu na mwenye gari hakuona hata tone chini. Ukiongeza usafiri na ushuru bei inakuwa imechangamka sana kwa kitu kinachoficha ugonjwa.

Ya pili ni ya kuchomelea moja kwa moja kwenye nyumba ya difu. Hii naipinga wazi. Moto mwingi pale unaweza kupinda nyumba ya ekseli, sili zinaanza kuvuja na beringi hazikai sawa, na kwenye Defender unachomelea bati jembamba lenye oili nyuma yake. Kuna gereji moja walitaka kunifanyia hivyo kwa maelezo kwamba itakuwa imara zaidi, nikachukua gari nikaondoka.

Ya tatu ndo ninayotumia. Bamba limekatwa, limekunjwa kwa mashine, limefungwa kwa yubolti, bolti za umbo la U zinazokumbatia mirija ya ekseli kushoto na kulia. Mafundi wa kuikunja wapo, Arusha nenda Unga Limited, Dar nenda Gerezani, Nairobi ndugu zetu wana Kamukunji. Muhimu umwambie fundi unachotaka, usimwachie akisie. Ukingo wa mbele ukunjwe kwenda juu kwa mshazari ili jiwe liteleze lisinase, na ukingo wa nyuma hivyohivyo maana kuna kurudi rivasi. Kati ya bamba na difu ibaki nafasi, sentimita moja inatosha, bamba likibonyea lisifike kwenye difu. Tundu la nati liwe kubwa kiasi cha soketi kupita, pembeni paachwe wazi ili matope yatoke na uvujaji uonekane. Vichwa vya bolti visikae chini panapopita mawe. Kwa difu ya mbele kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, hakikisha hakuna kinachogusa tairodi, ile fito inayounganisha matairi ya mbele yakate kona pamoja.

Uzito nao upige hesabu. Bamba la sentimita 30 kwa 40 likiwa la milimita 4 ni kama kilo 3.8, la 6 ni kilo 5.7, la 10 linapita kilo 9, na uzito huo haubebwi na springi, unaruka na ekseli kwenye kila rasta, vile vijituta vya barabara ya vumbi, na shokapu ndo zinaulipia. Tena la milimita 10 ukiongeza na ile nafasi ya sentimita moja linakula milimita 20, la 6 linakula 16, na matairi yalikupa 14 tu. Aluminiamu ya milimita 6 ni kilo 2 tu lakini ni laini, jiwe linaichimba na kuing'ang'ania wakati chuma kinateleza.

Yangu nikiifungua baada ya masika ina mikwaruzo mirefu toka mbele kwenda nyuma, mmoja umeingia kiasi cha kucha kuzama, na upande wa kulia imebonyea kidogo. Rangi ya difu nyuma yake iko vilevile.

Mambo mawili ya matumizi. Jeki usiiweke tena chini ya difu, bamba linateleza, weka chini ya mrija wa ekseli. Na yubolti zikaze upya baada ya safari ya kwanza ya rasta, lazima zitakuwa zimelegea.

Wenye Prado na Hilux mpya haya ya difu ya mbele hayawahusu, kwenu ile difu imefungwa kwenye chesisi, bamba la chini ya sampu, lile bakuli la oili ya injini, likirefushwa kwenda nyuma linaifunika. Nyuma kwenye ekseli ndo mtafute hii ya bolti.